Fungu la Yatima katika Basari

Januari 2003 Serikali ya Kenya iliondoa ada katika skuli za msingi, na mwaka 2008 ikajitwika gharama ya masomo ya sekondari. Lakini yamebaki ya bweni, chakula na sare, nayo ndiyo yamtoayo mtoto wa mjane darasani. Kwa ajili yake zimewekwa basari: za Hazina ya Maeneo Bunge, ambayo sheria yake ilipita mwaka 2003, na baadaye za kaunti.

Mali hii ni ya nani? Si ya mbunge, japo hutolewa mbele ya kipaza sauti kana kwamba imetoka mfukoni mwake. Ni kodi ya watu wote, hata bibi muuza mahamri huichangia kila anunuapo sabuni. Mwenye kuigawa ni amini tu. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya sadaka, akarudi asema hizi zenu na hizi nimetunukiwa mimi. Mtume akakasirika, akauliza: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, angeletewa tunu hizo?

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Karatasi ya basari huuliza hali ya mzazi, kisha hutiwa sahihi na chifu, na mara nyingi na imamu. Mtu ana duka na nyumba ya kupangisha, aandika kuwa hana kazi, na imamu kwa kuona haya atia sahihi. Sahihi ile ni ushahidi, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa. Katika Suratun-Nisaa, walii wa yatima aliye tajiri ameamrishwa ajizuie na mali ya yatima. Sembuse tajiri asiye walii!

Tena wako mafakiri waliotajwa katika Suratul-Baqara, ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile wajizuiavyo kuomba. Mji wetu umejaa watu hawa. Mama asema, "Sisi si watu wa kuomba." Mama yangu, hii si sadaka ya mtu, ni haki ya mwanao. Wengine hata siku ya mwisho ya maombi hawaijui, kwani tangazo hubandikwa mlangoni mwa ofisi. Kwa nini lisisomwe baada ya sala ya Ijumaa? Harusi na maulidi twatangaza. Kila msikiti uweke watu wawili wajuao kuandika, wakae baada ya laasiri wawajazie wajane karatasi zao, na majina yabandikwapo waende wakauliza aliyeachwa kaachwa kwa nini.