Mfuataneni Kliniki, Wanangu

Wanangu, nimelisema hili Bondeni, nikalisema Njoro na Molo, na leo nalirudia kwa sauti iliyochoka. Mke akishika mimba, nendeni kliniki miezi ya mwanzo. Msingoje hadi majirani walione tumbo.

Kaswende hukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Mama anachuma maua Naivasha kutwa nzima, ana nguvu zake, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia. Wengine huzaliwa wamekufa, wengine kabla ya miezi kutimia, wengine huonekana wazima na madhara yakaja baadaye machoni, masikioni, mifupani. Nasi hukaa matangani tukanong'onezana habari za uchawi. Ni kijidudu, wanangu! Penisilini imekuwa ikikitibu tangu 1943, na bado tunazika vichanga.

Zamani damu ilipelekwa maabara, mama akaambiwa arudi siku nyingine. Wa Subukia akikosa nauli, harudi. Siku hizi tone la kidoleni hupima ukimwi na kaswende kwa pamoja, na majibu hutoka kabla hajaondoka kliniki. Basi nanyi wauguzi, nawasihi: akikutwa na kaswende, adungwe sindano siku hiyo hiyo, na mzungumze naye faraghani, si mbele ya foleni. Sindano yenyewe inauma, najua. Lakini dawa inatakiwa imtangulie mtoto kwa siku 30 au zaidi. Anayekuja kliniki mwezi wa tisa amemnyima mwanawe muda huo.

Sasa nyinyi wanaume, na hapa ndipo ninapochoka zaidi. Mke akitibiwa peke yake, mume anaweza kumwambukiza tena kabla hajajifungua. Nimewaona wanaoyasoma majibu kisha wakamfukuza mke usiku. Kwa ushahidi gani? Kipimo hakisemi nani alianza. Hata aliyetibiwa akapona miaka iliyopita, kipimo hiki cha haraka kinaweza kuendelea kumwonyesha kuwa anayo. Wewe unayeendesha lori na kulala Salgaa, na wewe usiyetoka Kaptembwo, nyote mna damu ya kupimwa.

Chukueni kile kijitabu cha mama na mtoto, mfuatane, na wote wawili mnyooshe kidole. Muuguzi akisahau kukipima cha baba, baba mwenyewe amkumbushe.