Dhati na Nguvu

Katika masuala ambayo wenye hikima wamekesha nayo tangu kale, ni machache yaliyo mepesi kuulizwa na mazito kujibiwa kama hili: kitu kikibadilika, je, ni kilekile au kimekuwa kingine? Mtoto huliuliza, mwanachuoni huliandikia vitabu, na fundi hulijibu kwa mikono yake kila siku pasipo kujua kwamba ametoa fatwa. Kwa kuwa maneno yasiyoshikizwa na kitu huteleza, nataka kulitazama suala hili juu ya meza ya fundi wa aina ambayo wanafalsafa hawajaizoea, naye ni mtu aichukuaye ndege ndogo ya mfano, iliyoundwa iruke kwa injini ya mafuta, akaing'oa injini hiyo na kuitia mota ya umeme mahali pake.

Ndege ninayoikusudia ni ile ya wanagenzi, ambayo kwayo vizazi vya watu wa Marekani na Uingereza vimejifunza kurusha kwa redio. Bawa lake hulala juu ya kiwiliwili, urefu wake kiasi cha mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na ncha hizo zimeinuliwa kidogo ili ndege ikiinama upande irudi sawa yenyewe kabla mwanafunzi hajatanabahi. Mwili wake ni wa mbao laini za balsa zilizovikwa ngozi nyembamba ya plastiki, na uzito wake wote ni kama kilo mbili na nusu. Injini yake ya asili ina ujazo wa sentimita za ujazo 6.5 tu, nayo hunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani kidogo, pamoja na mafuta ya mbarika au mengine ya kulainisha. Cheche haina. Plagi yake ina uzi wa madini ya platinamu uliosokotwa, ambao huwashwa kwa betri ya volti moja na nusu wakati wa kuanza. Kisha betri huondolewa, na uzi ule ukabaki mwekundu wenyewe, ukipashwa na moto wa mpigo uliopita na kwa namna mvuke wa methanoli unavyoathiriwa na platinamu hiyo. Plagi ya namna hii ilienea baada ya Ray Arden kuipeleka sokoni huko Marekani katika miaka ya mwisho ya 1940, na kwa muda mrefu ikawa ndiyo sauti na harufu ya viwanja vyote vya mchezo huu.

Wala hamu ya kuuweka umeme mahali pa mafuta si ya jana. Tarehe 30 Juni 1957, Kanali H. J. Taplin wa Uingereza aliirusha kwa redio ndege yake iliyoitwa Radio Queen, ikisukumwa na mota iliyopata umeme wake katika betri za fedha na zinki. Na ndege ya jina hilo ilikuwa imejulikana kabla yake kwa kurushwa na injini ndogo ya dizeli. Basi tangu siku hiyo suala letu lilikuwa limekwisha kuruka angani, ingawa waliokuwa uwanjani yumkini waliona mota tu.

Sasa na tumtazame fundi akiwa kazini. Huanza kwa kuondoa: injini, tangi la mafuta, mabomba yake, na servo iliyokuwa ikifungua na kufunga koo la injini. Kisha hukutana na ubao wa mbele uliokuwa ukiishika injini, na huko hukutana na historia, maana mafuta yamenywewa na mbao kwa miaka hata zimekuwa nyeusi, na gundi yoyote atakayoitia juu yake haitashika. Huusugua kwa spiriti, huupaka unga uyafyonze mafuta, na pale ambapo uozo umeshinda huukata ubao na kutia mwingine. Hapo tena huisimamisha mota juu ya nguzo nne za chuma, akipima urefu wake ili rafadha ikae palepale ilipokuwa ikikaa, na ielekee kulia kidogo na chini kidogo kama alivyokusudia muundaji wa kwanza. Mahali palipokuwa na tangi huwa kitanda cha betri ya lithiamu ya seli nne, yenye volti 14.8, juu yake hutoboa mlango ili betri itolewe pasipo kuling'oa bawa, na hufungua tundu la upepo mbele, na jingine lililo kubwa zaidi nyuma, kwa sababu hewa iliyopata joto hutaka nafasi zaidi ya kutokea kuliko ile baridi ilipoingilia.

Kazi ikiisha, mwenye haraka huja na hukumu yake. Husema: hii ni ndege nyingine, kwa kuwa iliyotolewa ilikuwa roho yake. Mwenye haraka wa pili humjibu: la, ni ileile, kwa kuwa mbao zake ni zilezile. Wote wawili wanasema jambo lenye sura ya kweli, na wote wawili wamekosea, na kosa la kila mmoja lina mafunzo yake.

Huyu wa mbao amejengea hoja yake juu ya maada, na hoja hiyo ilikwisha kuvunjwa zamani. Plutarch amesimulia habari ya merikebu ya Theseus, yenye makasia thelathini, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kutoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata ikawa mfano ambao wanafalsafa waliubishania, hawa wakisema ni ileile na hawa wakikana. Naye Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, aliukaza mushkili huo kwa kuuliza: lau mtu angeziokota mbao zote zilizotupwa na kuziunga upya kwa mpango wake wa kwanza, ipi kati ya merikebu mbili hizo ingekuwa ya Theseus? Ikiwa uleule wa kitu ni mbao zake, basi ndege yetu ilianza kuwa nyingine siku ilipoanguka mara ya kwanza na kutiwa kiraka. Na hakuna ndege ya mwanagenzi isiyo na viraka.

Huyu wa roho ana kosa lenye ladha zaidi, maana ni kosa la watu wengi katika mambo makubwa kuliko ndege. Ameona kwamba kitu kisichokwenda kilikwenda kilipopata injini, akahukumu kwamba kilichokiendesha ndicho dhati yake. Lakini Aristotle, alipokuwa akieleza roho ni nini, alitoa mfano wa shoka: kama shoka lingekuwa mwili wenye uhai, roho yake ingekuwa kule kuwa kwake shoka, yaani uwezo wake wa kukata, na uwezo huo ukiliondoka, lisingebaki shoka ila kwa jina. Hakusema kwamba roho ya shoka ni mkono unaolipiga. Mkono waweza kuwa wa baba leo na wa mwana kesho, na shoka likawa lilelile. Bali makali yakitoweka, mkono wenye nguvu kuliko yote hautalirudishia ushoka wake. Injini kwa ndege ni mkono kwa shoka. Ni nguvu iliyoazimwa, iwe imeazimwa kwa methanoli inayoungua au kwa umeme uliowekwa akiba katika betri, na chenye kuazimwa hakiwezi kuwa dhati ya aliyekiazima.

Ni ipi basi dhati ya ndege hii? Fundi mwenyewe hutuonyesha, si kwa maneno yake ila kwa pale anapoitumia saa yake ndefu. Mota humaliza kuifunga upesi. Kinachomshughulisha ni betri: huiweka kitandani, huinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kila kidole upande wake, kiasi cha robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, kisha hutazama. Pua ikizama, huisogeza betri nyuma kiasi cha unene wa kidole. Mkia ukizama, huirudisha mbele. Naye huendelea hivyo hata ndege itulie juu ya vidole kama iliyolazwa, pua yake ikiwa imeinama kidogo tu. Wenye kazi hii husema kwamba ndege iliyoelemea pua huruka kwa taabu, ama iliyoelemea mkia huruka mara moja tu. Hapo ndipo ilipo dhati yake: katika mizani, na katika kazi ambayo mizani hiyo iliwekewa, nayo ni kumfundisha mwanagenzi kwa upole na kumsamehe anapokosea. Ukiitia mota yenye nguvu maradufu na kuihamisha mizani ili igeuke upesi na kupiga pinduo, mbao zitakuwa zilezile na jina ubavuni litakuwa lilelile, lakini mwalimu atakuwa amekufa. Ukiibadilisha nguvu yake yote na kuihifadhi mizani, mwalimu yu hai.

Atasema msomaji kwamba nimeidharau tofauti, ilhali tofauti ipo na yaonekana. Ndiyo, ipo. Ndege ya mafuta hupungua uzito kadiri inavyoruka, kwa kuwa inakitumia kilicho tangini. Ndege ya betri hutua na uzito uleule iliopaa nao. Ya mafuta hutangaza uhai wake kwa mngurumo, na ikinyamaza mtu huisogelea bila khofu. Ya umeme huweza kukaa kimya kabisa majanini, betri ikiwa imeunganishwa, na rafadha yake ikazunguka kwa kuguswa kijiti kimoja cha redio na kukata vidole vya aliyedhani imelala. Wanazuoni wa elimu ya kalam wa madhehebu ya Ash'ari walitenga baina ya jauhari, yaani kitu chenyewe, na aradhi, wakasema kwamba aradhi, yaani sifa zinazokipitia kitu, hazidumu nyakati mbili, ila Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Kimya na kelele, wepesi na uzito, ni aradhi. Lakini haifuati kwamba aradhi ni mambo ya kupuuzwa. Zikibadilika, dhati husalia, na adabu ya mwenye kuitumia hubadilika. Anayeishughulikia ndege ya umeme kwa mazoea ya ile ya mafuta hajakosea juu ya dhati, amekosea juu ya wajibu, na jeraha la mkono halitamuuliza ni kosa lipi kati ya hayo mawili.

Na kwa neno hili la wajibu tumefika kwa mwanadamu, ambaye kwake ndiko suala lilikotokea tangu mwanzo. Yeye naye huendeshwa. Yuko aendeshwaye na hasira, yuko aendeshwaye na tamaa ya mali, yuko aendeshwaye na kuwaonyesha watu. Kisha hutokea, kwa rehema ya Mola wake, kilichokuwa kikimsukuma kikang'olewa, na pahali pake pakaingia khofu ya Mungu au huruma kwa viumbe. Je, huyu ni yule? Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alituambia tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa amening'inia hewani, macho yake yamefunikwa, viungo vyake havigusani, na hata upepo haumgusi; mtu huyo hatajua kama ana mkono au tumbo, wala hatasikia nguvu yoyote inayomsukuma, lakini hatakosa kujua kwamba yupo. Naye Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, aliwakatalia waliokanusha ufufuo wa miili, akasema kwamba mtu ni yeye kwa nafsi yake, maana sehemu za mwili wake hubadilika tangu utoto hadi uzee na hakuna asemaye kwamba mzee si yule aliyekuwa mtoto. Wawili hawa, waliotofautiana kwa mengi, wanakubaliana hapa kwamba uleule wa mtu hautafutwi katika nyama wala katika kinachoisukuma nyama.

Mimi naongeza jambo ambalo ndege haiwezi kutufunza, kwa kuwa ndege haina wa kumwitikia. Jahazi la pwani yetu likishushwa tanga na kutiwa mashine, hakuna mdai ambaye angekubali kuambiwa kwamba deni la mwenye jahazi limefutika na upepo. Vivyo hivyo kwa mwenye kutubu. Dini imemfundisha kwamba aliyoyafanya baina yake na Mola wake husamehewa kwa toba ya kweli, ama haki za watu hazimtoki hata azirejeshe au wenyewe wamhalalishie. Hilo ndilo lililo gumu katika kubadilika, na ndilo ambalo waliobadilika hupenda kulisahau: husema, mimi wa leo si yule wa jana, na kwa hoja ya mota mpya hutaka kuyakimbia mafuta ya zamani yaliyokwisha kuzama ubaoni. Lakini nia njema iliyobandikwa juu ya dhuluma isiyorejeshwa haishiki, na ataiona ikibanduka siku ya mtikisiko wa kwanza.

Kwa hiyo jibu langu ni la namna mbili. Kitu ni kilekile maadamu mizani na kazi yake vimehifadhiwa, hata kama nguvu yake yote imebadilishwa. Mtu ni yuleyule maadamu dhima yake haijamtoka, nayo haimtoki kwa kubadilika peke yake. Kwa wote wawili nguvu ni ya kuazima, na hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Wala si vyema mtu kujivunia kinachomsukuma, kama ambavyo si vyema akitumie kuwa udhuru. Anayetaka kujua kama amebaki kuwa yeye baada ya kubadilika asiulize ni nini kinachomwendesha leo, kwa kuwa hicho chaweza kung'olewa kesho; na aulize ni akina nani wangali na haki ya kumdai, na kama yu tayari kuitikia kwa jina lake watakapomwita.