Je, Lalamiko Likipewa Namba Limesikilizwa?

Ndugu msomaji, kabla sijaingia kwenye hoja yangu naomba nikupeleke stendi ya Bagamoyo, kwenye kibanda cha steshenari ninapojipatia riziki. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na riwaya yangu ya kwanza bado imekwama sura ya tano. Kwa hiyo mchana nachapa barua za watu, usiku nachapa za kwangu.

Kati ya wateja wangu yupo babu mmoja wa Kaole. Barabara ya mtaani kwao ilipopanuliwa, watu waliokatiwa mazao waliorodheshwa ili walipwe fidia. Babu alikatiwa minazi kumi na minne. Kwenye orodha ikaandikwa minazi 4. Ile moja ya mbele ilidondoka, sijui kalamuni, sijui kwenye mashine. Minazi kumi ikapotea kwa tarakimu moja!

Tangu hapo Babu anaandika barua. Anakuja, namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha ananiambia, "Mjukuu wangu, niandikie tena." Nami namwandikia tena, kwa shilingi elfu moja na kwa heshima zote: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Anaipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, wanaipokea, wanamwambia aende, ataitwa. Haitwi. Akirudi, faili halionekani.

Siku alipokuja kwa barua ya tisa nikamuuliza, "Babu, ile ya nane walikupa namba gani?"

Akacheka. "Namba? Mimi wananipa kesho."

Kicheko kile kiliniondolea usingizi. Hebu tuulizane, wenzangu: lalamiko likipewa namba limesikilizwa? Au namba ni njia nyingine ya kumzuga mtu aende zake kimya kimya?

Swali hili, nikiri, nilianza kuliwaza mbele ya kompyuta. Steshenari yetu haina pesa za kununua programu, tunatumia zile huria, yaani ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Kiswahili nacho kilikwisha kuingia huko zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kuzungumza lugha yetu.

Basi katika programu moja ya aina hiyo nilikuta amri mbili zimeandikwa neno lile lile, "Funga". Moja ni ya kufunga faili ukimaliza kazi. Nyingine ni ya kulifunga kwa nywila asije mtu akaligusa. Usiku mmoja nilitaka ya pili nikabonyeza ya kwanza, likatokea swali, nikalijibu bila kulisoma, na kurasa sita za sura ya tatu zikaenda na maji. Kwa hasira nikaandika taarifa ya kosa kwa watengenezaji, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Papo hapo nikapewa namba.

Namba hiyo ina kanuni zake. Hutolewa kwa mfuatano, na ikishatolewa haipewi kosa jingine, hata kama la kwanza limekwisha kurekebishwa. Yote yatakayosemwa juu ya kosa hilo yatakaa chini ya namba yake, pamoja na jina la aliyejitwisha kulishughulikia. Fundi akilitengeneza anaitaja namba katika maelezo ya kazi yake, ili mtu wa miaka kumi ijayo akiuliza "hapa pamebadilishwa kwa nini?" apate pa kuanzia. Na kosa haliondoki bila kauli. Ama limerekebishwa, ama si kosa, ama limekwisha kuripotiwa, ama halitarekebishwa, ama, kauli inayoudhi kuliko zote, "kwangu inafanya kazi".

Desturi ya kuandika kosa daftarini ni ya zamani kuliko programu hizi. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta iliyoitwa Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo (yule mdudu, si chuma cha zege) amenasa ndani ya mashine. Hawakumpuliza akaruka. Walimbandika kwa utepe katika kitabu cha kumbukumbu, wakaandika na saa. Wahenga wetu walikwisha kuliona jambo hilo waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Walichoacha kutuambia ni kwamba hata makosa ni mali.

Kosa langu, baada ya wiki tatu, lilifungwa. Sababu: limekwisha kuripotiwa. Nikaona nimetukanwa. Lakini chini yake palikuwa na namba ya lile la zamani, nikalifungua. Kumbe mtu mwingine alilalamika miaka minne kabla yangu, na chini yake wengine watano, kila mmoja akidhani ni ujinga wake mwenyewe. Siku ile nilipata faraja ya ajabu. Kosa lilikuwa bado lipo, lakini sikuwa peke yangu, na wala sikuwa mjinga. Nikamkumbuka Babu. Nani ajuaye kama huko Kaole hakuna bibi ambaye miembe yake 12 imekuwa 2?

Nilipoyapeleka haya kijiweni, karibu na soko la samaki, mshikaji wangu mmoja alinikatisha. "Acha hizo bwana! Namba ni dawa ya usingizi. Kosa lako lina namba, na bado neno ni lile lile. Sasa umepata nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana ana ushahidi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwanzilishi wa Ubuntu (mfumo huria wa kompyuta uliobeba jina la Kiafrika, ndugu wa neno letu utu), alifungua kosa namba 1 la mradi wake. Hakuandika juu ya kitufe kisichobonyezeka. Aliandika kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Kosa hilo lilikaa wazi mpaka mwaka 2013, alipolifunga mwenyewe akieleza kwamba simu na tableti zimebadili hali. Miaka tisa! Na aliyelimaliza si mtu wa kulirekebisha, ni wakati.

Mshikaji akaongeza la pili, zito zaidi. "Na mji huu wetu unasahau? Misafara ya kutoka bara iliishia hapa. Binadamu walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Ukianza na namba unaishia hapo."

Hili nililala nalo siku nyingi. Ni kweli kabisa, mtu akigeuzwa idadi hakuna tena anayemuuliza analala wapi. Lakini kadiri nilivyomtazama Babu akiingia na kutoka, ndivyo nilivyoona kwamba mshikaji amechanganya vitu viwili. Kinachoomba namba ni ile tarakimu iliyodondoka. Babu mwenyewe haombi namba, ana jina lake, la baba yake na la babu yake.

Tena nikaona la kunitisha. Kosa likikosa namba, aliyelileta ndiye anayegeuka kosa. Babu akichomoza mlangoni pale ofisini, hakuna anayesema "lile suala la minazi limefikia wapi?" Wanasema "yule mzee kaja tena". Kero ni yeye. Suala halina pa kukaa isipokuwa mwilini mwake, na analibeba kutoka Kaole kwa miguu. Akiugua, suala limeugua. Akifa, Mungu apishe mbali, limefungwa bila kauli. Namba ingemtua mzigo huo. Angekaa nyumbani kwake na jina lake, na kosa likabaki kule mezani linawatazama.

Wala si mambo ya minazi na riwaya tu. Zahanati zetu hujaza vitabu vya MTUHA, na takwimu zake huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hitilafu zake nazo hupewa namba hadharani. Moja ikidondoka mbele ya nne huko, waliopungua si minazi. Ni wajawazito kumi, au watoto kumi wenye malaria. Muuguzi anayeliona kosa la namna hiyo usiku, kwenye taa hafifu, anastahili kitu kikubwa kuliko kuambiwa "kwangu inafanya kazi".

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Namba si usikivu. Namba ni deni. Anayeitoa amekiri kwamba anadaiwa jibu, na deni laweza kukaa miaka tisa na bado likawa deni. Lakini ni deni ikiwa tu mlalamikaji naye anayo hiyo namba, anaweza kuiuliza, na haifungwi bila kuambiwa sababu. Namba inayokaa kabatini kwa mwenye ofisi peke yake ni kufuli, na ufunguo uko upande mmoja.

Na tusiseme haya ni mambo ya Wazungu wa kompyuta. Tazama barua yoyote ya serikali: juu pameandikwa Kumb. Na., na mara nyingi "unapojibu tafadhali taja". Masjala zilikuwapo na folio zikipewa namba kabla sijazaliwa. Elimu tunayo.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Barua tisa nimechapa, nikapokea shilingi elfu tisa za mtu aliyepoteza minazi kumi, na hata siku moja sikumwambia: Babu, toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Hata Kumb. Na. sikumwekea, maana niliona mtu binafsi hana masjala. Nilikuwa naandika vizuri, basi. Sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna ugonjwa huo, kudhani sentensi nzuri imemaliza kazi.

Barua ya kumi sikumtoza. Nilinunua daftari la kurasa 40, nikaorodhesha barua zake zote kwa tarehe alizozikumbuka, na juu ya hiyo mpya nikaandika: Kumb. Na. M/14/10. M ni minazi, 14 ni idadi yake ya haki, 10 ni barua ya kumi. Nakala mbili. Nikafunga kibanda nikaenda naye.

Dada wa mapokezi aliitazama ile namba, akavuta kitabu chake, akagonga muhuri kwenye nakala yetu. Kisha akaandika kwa mkono wake, taratibu, Babu akiwa amemwinamia: "Kumb. Na. M/14/10."

Fidia mpaka leo bado. Lakini tulipotoka nje Babu alisimama kwenye kivuli cha mwembe, akaifungua ile nakala, akaitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu," akasema, "kumbe kumi na nne wanajua kuiandika."