Kadari, Tabibu na Shauri

Lipo swali la kale ambalo wanavyuoni wamelijadili kwa karne nyingi, na ambalo hata hivyo huzaliwa upya kila mwaka katika zahanati za pwani yetu, mahujaji wanapokwenda kuchanjwa kabla ya safari ya Makka: ikiwa ajali ya mtu imekwisha kuandikwa, sindano ni ya nini?

Nilikuwapo siku moja tabibu wa mtaani kwetu, kijana mwenye adabu, alipokuwa akiwaeleza wasafiri habari za homa ya uti wa mgongo: kwamba huvimbisha utando unaofunika ubongo na uti, kwamba vijidudu vyake huweza kukaa kooni mwa mtu mzima wa afya asijijue, vikawaingia wengine kwa mate na kikohozi penye msongamano, kwamba maradhi hayo yalipozuka katika Hija ya 1987 serikali ya Saudia iliifanya chanjo kuwa sharti, na yalipozuka tena mwaka 2000 kwa aina nyingine ya kijidudu, ikaja kutakiwa chanjo ya kukinga aina nne, idungwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Kisha akaonyesha ilani ukutani: homa kali, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga, na madoa mekundu ambayo ukiyagandamiza kwa bilauri hayafifii.

Mzee mmoja akauliza lile swali la kale. Tabibu hakumkemea wala hakumhubiria, alifungua daftari, akasema, "Babu, hilo naliandika. Na nani mwingine ana lililomtatiza?" Ndipo bibi mmoja aliyekaa pembeni akasema, "Mwanangu, ngozi zetu hizi nyeusi, huo wekundu tutauona wapi?" Tabibu akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba watazame viganjani, nyayoni na ndani ya kope, na kwamba ilani ile ina kasoro.

Nikamkumbuka Sayyidna Omar, alipokuwa njiani kwenda Shamu, akapata habari alipofika Sargh ya kwamba tauni imeingia huko. Tumezoea kulisimulia jibu alilompa sahaba Abu Ubaida, aliyemuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, kwamba naam, anaikimbia kadari kuiendea kadari. Lakini ni nadra kuyasimulia yaliyotangulia: kwamba aliwaita Muhajirina kuwataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, na hao ndio waliokubaliana kwamba arudi. Khalifa aliyeweza kuamuru aliuliza mara tatu.

Kwa rai yangu, jibu la mzee wetu limo humo. Anayedhani kwamba tawakali ni kuacha sindano, na anayedhani kwamba elimu ni kusema bila kusikiliza, wote wawili wamejifanya wanaijua kadari ilikopita. Hali ya kuwa mja hajui kama riziki ya uzima wake imewekwa katika dawa ya tabibu, au katika swali la bibi asiyejua kusoma ilani. Kwa hiyo kutaka shauri si hisani anayofanyiwa mgonjwa, bali ni adabu ya kila mwenye elimu mbele ya Yule aliyemkadiria elimu yenyewe.

Juma la pili nilipopita, ilani ilikuwa mpya, na viganja na nyayo vimetajwa kwanza.