Kabla Turubai Halijafungwa

Mwaka 2005, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare, alimpoteza mgonjwa wake kijana kwa kujiua. Familia ilitaka kumrudisha hospitalini ikakosa nauli ya basi, dola 15. Chibanda amelisimulia tukio hilo hadharani mara nyingi. Zimbabwe nzima ilikuwa na madaktari wachache mno wa fani yake, nao walikuwa mjini, mbali na wengi waliowahitaji.

Mwaka uliofuata akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Wakawekewa benchi la mbao nje ya kliniki. Mwenye mawazo huketi pembeni ya bibi na kueleza yanayomkaba: kodi ya nyumba, mume asiyerudi, majibu ya VVU. Bibi husikiliza, huuliza, kisha humwachia mwenyewe achague tatizo moja la kuanza nalo. Hamwamulii.

Kazi hiyo ilipimwa katika kliniki 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliohudumiwa kwa njia ya kawaida nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona. Kati ya waliokaa na bibi, wenye dalili hizo hawakuzidi 14 kwa kila 100. Bibi wasio na shahada ya udaktari ndio walioleta matokeo hayo.

Wanaosifu benchi husahau kinachofuata. Baada ya mazungumzo, mgonjwa hukaribishwa kwenye kundi la watu waliopitia hali kama yake, na humo wanawake hufuma mikoba kwa plastiki zilizotumika huku wakizungumza. Pengine hapo ndipo penye nguvu kubwa zaidi. Bibi ana wageni wengi wa kuwasikiliza, ila wenzako wa kundi wanakaa mtaa uleule unaokaa, na usipofika wanajua.

Tanzania haina haja ya kuanza na benchi. Tayari ina vikundi vya kufa na kuzikana, VICOBA na upatu, na kwenye msiba vikundi hivyo hufanya kazi inayostahili heshima. Taarifa ikitoka alfajiri, saa nne turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria yako jikoni, na mweka hazina ameshatoa fedha bila kusumbuliwa.

Lakini mwanachama aliye hai anayezama taratibu hana fungu lake kwenye katiba ya kikundi. Akikosa vikao viwili, daftari linamwandikia faini. Huenda amefukuzwa kazi na anaona aibu kuja mikono mitupu. Huenda hajalala siku nyingi. Kikundi kitakachokesha kwake akifiwa hakijui kama amekula leo. Hili ni kosa, na linarekebishika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na nchi maskini zinaumia zaidi kuliko tajiri. Kwa hiyo dhana kwamba Mwafrika hawezi kuwa mpweke iachwe.

Kikao kijacho cha kikundi chako, omba kipengele kimoja kiongezwe: mwanachama asipoonekana mara mbili, wenzake wawili waende kwake kabla faini haijaandikwa. Waende bila daftari la michango, na wakae naye hadi azungumze.