Mfalme Aliyevuliwa Taji

Wafaransa walipoufuta ufalme na kutangaza jamhuri, Septemba 1792, swali zito liliwakabili: mfalme aliyekwisha kuvuliwa taji atendewe nini? Chini ya Louis wa 16 maskini walilipa kodi nzito, hali makabaila walisamehewa nyingi. Hasira ya watu ilikuwa ya haki. Lakini je, hasira ya haki yafaa kuwa hakimu?

Robespierre, ambaye mwaka 1791 aliomba adhabu ya kifo ifutwe nchini, sasa alidai mfalme auawe. Thomas Paine, Mwingereza aliyekuwa mjumbe katika baraza lao, tena adui wa wafalme wote, aliomba Louis apelekwe Marekani akaishi huko. Kwa maoni yangu Paine ndiye aliyeyaelewa mapinduzi: ufalme ulikuwa umekwisha kufa, na aliyebaki gerezani alikuwa mtu tu, asiye na askari wala amri.

Hakusikilizwa. Louis alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793. Kabla ya mwaka huo kwisha Paine mwenyewe alitiwa gerezani. Na Julai 1794 Robespierre akakatwa kichwa, katika uwanja ule ule alipouawa mfalme.