Damu ya Mmoja na Mikono ya Wengi

Ndugu msomaji, Kakamega ni mbali na pwani yetu, lakini si ugenini kwetu. Mumias, mji wa zamani uliomo katika kaunti hiyo, ulikuwa kituo cha wafanyi biashara wa huku tangu karne ya kumi na tisa. Basi yanayowafika watu wa huko yatupasa tuyazingatie.

Ardhi ya Kakamega ni ya rutuba, na watu ni wengi. Hisabu ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu milioni 1.8, takriban 600 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu hugawiwa wana, kisha wajukuu, mpaka fungu la mtu halitoshi kulisha nyumba yake. Hapo mpaka ukisogezwa hatua mbili tu, maneno huzaa ugomvi, na mara nyingine ukoo hutoka na mapanga na marungu kumwendea mtu mmoja. Kukicha pana maiti mmoja, na mahakamani husimama watu watano au sita, kila mmoja akisema: “Nilikuwapo, lakini si mimi niliyepiga.”

Suala letu ni hili: Je, dhambi ya damu hugawika kama shamba, kila mtu akachukua kipande chake kidogo?

Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 21 cha kanuni za jinai, yasema kwamba watu wakiungana kwa nia moja katika jambo la haramu, na likatoka humo kosa lililotazamiwa kutoka, kila mmoja wao amelitenda. Mwaka 1943, katika kesi ya Uganda ya watu walioitika mayowe wakampiga mwizi hata akafa, Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki iliamua kwamba nia moja haihitaji kikao cha kuipanga. Hujulikana kwa kuwapo kwa mtu, kwa vitendo vyake, na kwa kutojitenga kwake na wapigaji.

Hayo si mageni kwetu. Sayyidna Umar aliwahukumu kifo watu kadhaa walioshirikiana kumwua mtu mmoja huko San'aa, na jamhuri ya wanazuoni wakaifuata hukumu hiyo. Lakini wanazuoni hao hao walipima kitendo cha kila mtu. Aliyemshika mtu, mwingine akamwua, kwa Imam Shafi'i hauawi, bali hutiwa adabu. Kwa Imam Malik, akimshika ili auawe, wote wawili huuawa. Basi damu haigawiki, lakini watu lazima wapambanuliwe.

Na hii ndiyo kazi ya rufaa. Wako wasemao kwamba rufaa ni mlango wa kuwatorosha wauaji. Hawakufikiri. Usiku, katika kundi la watu, shahidi aliona kwa mwanga gani? Na shahidi wa ugomvi wa ardhi ana mtihani mkubwa: akimwongeza ndugu wa muuaji aliyekuwa amelala kwake, shamba hubaki bila mwenyewe. Hakimu asipouliza, mahakama yenyewe huwa panga la pili. Kwa sababu hii pia Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2017, iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kila mwuaji, ili hakimu apime hali ya kila mmoja.

Ewe ndugu, usidhani haya ni ya Kakamega tu. Nasi tuna mashamba yenye khitilafu, na tuna vijana wanaoitika mayowe kabla ya kuuliza. Ukiitwa katika kundi la dhulma, ondoa miguu yako na useme hapana. Kunyamaza kwako ni rungu mkononi mwa mwenzio. Ukiitwa kushuhudia, usipunguze jina wala usiongeze. Mtume wetu ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi kadiri ya shibiri atavikwa shingoni ardhi saba. Ikiwa huo ni mzigo wa shibiri ya udongo, mzigo wa nafsi utakuwaje?

Wabillahi tawfiq.